Mcheza Kwao: Joyce Laboso na Swali la Nyumbani katika Siasa za Nchi ya Chai

1. Utangulizi

Methali isemayo "Mcheza kwao hutunzwa" imezoeleka sana hata ni nadra msikilizaji kusita na kuuliza: kwao ni wapi? Kwa mwanamume, hasa katika jamii zinazofuata ukoo wa baba, swali hilo halina uzito mkubwa, kwani alikozaliwa ndiko anakooa, ndiko anakorithi na ndiko anakozikwa. Kwa mwanamke aliyeolewa mambo ni mengine. Katika Kiswahili cha kila siku, mke akisemwa kwamba "amekwenda kwao", hapana asiyeelewa kuwa amekwenda kwa wazazi wake. Mahali anapoishi na mumewe huitwa "kwake". Lugha, basi, inamwekea mwanamke makazi mawili na kuyatofautisha kwa kiambishi tu. Siasa, kwa upande wake, aghalabu imemnyima yote mawili. Alikozaliwa huambiwa kwamba ameshaolewa, akatafute kura kwa mumewe. Kwa mumewe naye huambiwa kwamba ni mgeni aliyeletwa na ndoa.

Makala hii inakusudia kuyachunguza maisha ya kisiasa ya Dkt. Joyce Cherono Laboso (1960–2019), Mbunge wa Sotik, Naibu Spika wa Bunge la Taifa la Kenya na hatimaye Gavana wa pili wa Bomet, kwa kulifuata swali hilo la "kwao". Haidaiwi hapa kwamba swali hilo linaeleza kila jambo katika maisha yake. Linalodaiwa ni kwamba lilijitokeza katika kila hatua aliyoipiga, na kwamba majibu yaliyotolewa na wapigakura wa nchi ya chai hayakuwa yale ambayo desturi ilitarajiwa kuyatoa.

2. Watangulizi: Kisumu na Nairobi

Kabla ya kuzungumzia Bomet, yafaa kurejea kwa wanawake wawili waliotangulia kushika hatamu za miji mikubwa ya Kenya, kwani bila wao si rahisi kuona jipya na la zamani katika habari za Laboso.

Wa kwanza ni Grace Onyango. Alikuwa mwalimu kabla ya kuingia katika baraza la mji wa Kisumu, na mwaka 1965, kufuatia kifo cha meya aliyekuwapo, akashika umeya wa mji huo. Alikuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa meya nchini Kenya. Mwaka 1969 aligombea ubunge wa Kisumu Mjini akashinda, na kwa ushindi huo akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa na wananchi kuingia katika Bunge la Kenya huru. Baadaye aliwahi pia kukikalia kiti cha Spika kwa muda. Aliishi maisha marefu na kufariki tarehe 8 Machi 2023, siku ambayo ulimwengu huiadhimisha kuwa ya wanawake. Watu wa Kisumu walimjua sana kwa jina la Nya'bungu. Majina ya namna hiyo ni ya kawaida katika Kijaluo, ambamo mke huitwa kwa neno lenye maana ya "binti wa" likifuatiwa na alikotoka. Yaani mwanamke, hata akae miaka mingapi kwa mumewe, huendelea kutambuliwa kwa kwao.

Wa pili ni Margaret Wambui Kenyatta, aliyekuwa diwani wa Nairobi tangu 1963 na meya wa jiji hilo tangu 1970 hadi 1976, kisha akawa mwakilishi wa kudumu wa Kenya katika Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira. Alifariki mwaka 2017. Huyu alikuwa binti wa Rais wa kwanza wa Jamhuri, na hata wale waliotambua bidii yake katika baraza hawakuweza kulisahau jina alilolibeba.

Katika habari za wanawake hawa wawili tayari yanaonekana mambo ambayo yatajirudia Bomet: cheo kinachoachwa wazi na mauti, na jina la baba linalomtangulia binti. Jambo moja zaidi lapasa kuelezwa. Umeya, kama ulivyojulikana katika enzi zao, ulikoma baada ya Katiba ya mwaka 2010 na uchaguzi wa mwaka 2013. Mabaraza ya miji na wilaya yalivunjwa, na mahali pake pakawekwa kaunti 47, kila moja ikiwa na gavana aliyechaguliwa moja kwa moja na wapigakura. Masoko, barabara za mashinani, zahanati na hospitali, shule za chekechea na ushuru mdogo mdogo, yote yaliangukia mikononi mwa gavana. Kwa hiyo mrithi wa kweli wa meya, tena mwenye mamlaka mapana zaidi, ni gavana. Katika uchaguzi wa kwanza wa magavana, mwaka 2013, hakuchaguliwa mwanamke hata mmoja katika kaunti zote 47. Mlango uliokuwa umefunguliwa Kisumu mwaka 1965 ulionekana kufungwa tena.

3. Nchi ya Chai na Uzito wa Neno "Kwao"

Kericho na Bomet zilikuwa wilaya moja ya Kericho hadi mapema katika miaka ya 1990. Ni nchi ya Wakipsigis, ya vilima na mvua, na tangu miaka ya 1920, makampuni ya Brooke Bond na African Highlands yalipoanza kupanda chai kwa wingi, imekuwa nchi ya chai. Baada ya Uhuru, wakulima wadogo nao waliingia katika kilimo hicho chini ya mamlaka ya chai iliyoundwa mwaka 1964, na leo viwanda vyao vimetapakaa kutoka Kapkoros hadi Mogogosiek.

Katika nchi hii neno "kwao" halijawahi kuwa jepesi. Mashamba makubwa ya makampuni yalipandwa katika ardhi ambayo wenyeji waliondolewa. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuuhamisha ukoo mzima wa Talai, ukoo wa viongozi wa dini na unabii, na watu wake wakapelekwa Gwassi kando ya Ziwa Viktoria. Madai ya ardhi yaliyotokana na unyang'anyi huo yalikuwa yangali yakisikilizwa katika karne ya 21. Huko Sotik, ambako walowezi wa Kizungu walikuwa na mashamba yao, mpaka kati ya Wakipsigis na majirani zao Wagusii umewahi kuwaka moto zaidi ya mara moja, ukiwamo mwaka 2008. Mahali ambapo watu wameporwa ardhi na kupigania mipaka, suala la nani ni mwenyeji na nani ni mgeni huwa suala la kufa na kupona, na si ajabu kwamba liliingia hadi katika masanduku ya kura.

Kwa mwanamke suala hilo lilikuwa na sura yake. Mikono ya wanawake ndiyo inayochuma sehemu kubwa ya chai ya wakulima wadogo; lakini kwa kuwa hati ya shamba kwa kawaida ni ya mume, nambari ya mkulima kiwandani nayo mara nyingi huwa ya mume, na malipo yakamfuata mwenye nambari. Kuhusu urithi, desturi iliona kwamba binti ataolewa na kupata riziki yake huko aendako. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, haikumbagua binti, lakini sheria iliyoandikwa na sheria iliyomo vichwani mwa watu ni mambo mawili. Katika kesi ya Rono na Rono, iliyohusu mali ya familia moja ya Bonde la Ufa, Mahakama Kuu iliwapa mabinti ardhi kidogo kuliko ndugu zao wa kiume, hoja mojawapo ikiwa kwamba mabinti huenda wakaolewa. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani iliyoketi Eldoret iliikataa hoja hiyo na kuwapa mabinti haki iliyolingana na ya ndugu zao. Ilikuwa miaka mitatu tu kabla ya uchaguzi mdogo wa Sotik.

Hata hivyo haitakuwa haki kuionyesha desturi ya Wakipsigis kana kwamba ilikuwa ukuta usio na mlango. Desturi hiyo hiyo iliruhusu mwanamke aliyekosa mwana wa kiume kutoa mahari na kuoa mwanamke mwingine, na watoto waliozaliwa wakahesabiwa kuwa wa nyumba yake. Msingi wa desturi hii ni kwamba nyumba isizimike. Palipokuwa na hatari ya nyumba kuzimika, jamii ilikuwa tayari kumpa mwanamke nafasi ambayo katika hali ya kawaida ni ya mwanamume. Wazo hili lafaa kukumbukwa yanaposimuliwa yaliyotukia mwaka 2008.

4. Sotik, 2008

Joyce Laboso hakuanza maisha yake katika siasa. Alikuwa mwanachuo wa lugha. Alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, kwa utafiti uliohusu jinsia, lugha na elimu, na akafundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Egerton. Mwanasiasa wa nyumba yao alikuwa dada yake, Lorna Laboso, aliyechaguliwa Mbunge wa Sotik katika uchaguzi mkuu wa Desemba 2007 na kuteuliwa Waziri Msaidizi katika serikali ya mseto iliyoundwa baada ya machafuko ya mapema mwaka 2008.

Tarehe 10 Juni 2008 ndege ndogo iliyotoka Nairobi kuelekea Kericho ilianguka katika wilaya ya Narok. Ndani yake walikuwamo Lorna Laboso na Kipkalya Kones, Mbunge wa Bomet na Waziri wa Barabara. Wote waliokuwamo walifariki. Walikuwa wakienda katika shughuli za uchaguzi mdogo wa Ainamoi, uliofanyika kesho yake, ambao nao ulitokana na kuuawa kwa mbunge wa eneo hilo mnamo Januari mwaka huo huo. Katika muda wa miezi sita nchi ya chai ilikuwa imewazika wabunge watatu.

Uchaguzi wa kujaza nafasi mbili zilizoachwa na ajali ulifanyika tarehe 25 Septemba 2008. Huko Bomet alichaguliwa Beatrice Kones, mjane wa marehemu. Huko Sotik alichaguliwa Joyce Laboso, dada wa marehemu. Wote wawili walisimama kwa tikiti ya chama cha ODM.

Matokeo haya mawili ya siku moja, katika maeneo bunge yanayopakana, yanastahili kuangaliwa pamoja. Beatrice Kones aliingia kwa mlango wa nyumba ya mumewe, na mlango huo ulikuwa umezoeleka katika siasa za nchi nyingi: mjane hushika taa ya mumewe isizimike. Joyce Laboso aliingia kwa mlango wa kwao, na mlango huo haukuwa umezoeleka kamwe. Yeye alikuwa ameolewa, tena ameolewa nje ya Wakipsigis. Mumewe alikuwa Mjaluo wa Koru, nchi ya miwa iliyoko chini ya vilima vya chai. Wapinzani wake hawakuchelewa kuyasema waliyokuwa nayo: binti huyu ana kwake, akatafute uongozi huko. Wapigakura wa Sotik waliisikia hoja hiyo na kuipa kisogo.

Zipo sababu za wakati zilizosaidia. Mwaka 2007 na 2008 Wakalenjin na Wajaluo wengi walikuwa pamoja katika ODM, na ndoa iliyovuka mpaka wa makabila hayo mawili haikuwa na doa kubwa la kisiasa. Huruma ya msiba nayo haikosi nguvu. Lakini sababu hizo peke yake hazitoshi, kwa kuwa huruma ingeweza kumpeleka bungeni ndugu wa kiume wa ukoo huo huo. Lililotendeka ni kwamba watu wa Sotik walimhesabu binti aliyeolewa kuwa angali mtu wa nyumba ya babaye, tena mtu awezaye kuisimamisha. Katika hili hawakuwa mbali sana na wazee wao, waliomruhusu mwanamke kuoa ili nyumba isizimike.

5. Kiti cha Naibu Spika, 2013–2017

Mtu aliyeingia kwa kura ya msiba huweza kutoka uchaguzi unaofuata, machozi yakishakauka. Laboso hakutoka. Mwaka 2013 alitetea kiti cha Sotik, safari hii kwa tikiti ya URP, chama kilichoongozwa na William Ruto na kilichoungana na TNA ya Uhuru Kenyatta katika muungano wa Jubilee. Bunge lilipoanza kazi mwezi Machi mwaka huo, wabunge walimchagua kuwa Naibu Spika chini ya Spika Justin Muturi, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kwa wadhifa huo nchini. Kiti ambacho Grace Onyango alikuwa amekikalia kwa zamu, Laboso alikipata kwa uchaguzi.

Wadhifa huu ulimweka mahali pa pekee. Katiba ya 2010 iliagiza kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wanachama wa chombo chochote cha kuchaguliwa, lakini haikueleza jinsi agizo hilo litakavyotekelezwa bungeni. Mwaka 2016 mswada wa kulitekeleza ulishindwa kupata kura 233 zilizohitajika. Bunge lililokuwa na mwanamke katika uongozi wake wa juu halikuweza kuwapa wanawake idadi iliyoagizwa na sheria kuu ya nchi. Jambo hili linafundisha kwamba kufika kwa mmoja si sawa na kufunguliwa kwa njia. Aidha, linaeleza kwa nini mwanamke mwenye azma hakuwa na budi kurudi kwa wapigakura na kuomba cheo ambacho hakikugawiwa kwa hesabu ya jinsia.

6. Bomet, 2017

Cheo alichokiomba kilikuwa cha ugavana wa Bomet, na aliyekikalia hakuwa mtu mdogo. Isaac Ruto alikuwa gavana wa kwanza wa kaunti hiyo na mwenyekiti wa kwanza wa Baraza la Magavana, aliyejulikana nchi nzima kwa kudai fedha zaidi zipelekwe mashinani. Alikuwa ameachana na wenzake wa Jubilee, akaunda chama chake cha Chama Cha Mashinani, na mwezi Aprili 2017 akajiunga na vinara wa muungano wa NASA, akiwamo Raila Odinga.

Hapa historia ilifanya mzaha wake. Suala la ndoa ya Laboso lilirudi, na mara hii mazingira yalikuwa magumu kuliko ya mwaka 2008, kwa sababu Wakalenjin wengi na Wajaluo wengi walikuwa sasa katika kambi zilizopingana. Lakini aliyekuwa katika kambi moja na Raila alikuwa gavana mwanamume, mzaliwa na mkazi wa Bomet, ambaye hapakuwa na mtu wa kumwuliza kwao ni wapi. Aliyekuwa katika kambi iliyopendwa na Wakipsigis wengi alikuwa yule mke wa Mjaluo. Kabila la mume halikuonyesha njia ya siasa ya mke, na uzawa wa gavana haukumhifadhi dhidi ya wimbi la chama. Baada ya kushinda uteuzi wa Jubilee, Laboso alimshinda Isaac Ruto katika uchaguzi wa tarehe 8 Agosti 2017.

Siku hiyo wanawake watatu walichaguliwa magavana kwa mara ya kwanza katika historia ya Kenya: Charity Ngilu huko Kitui, Anne Waiguru huko Kirinyaga na Joyce Laboso huko Bomet. Yaweza kusemwa kwamba Laboso alibebwa na chama, na usemi huo una ukweli. Hata hivyo chama hakibebi asiyebebeka. Kabla ya kumfikia Isaac Ruto, alilazimika kuwashinda wanaume wa chama chake mwenyewe katika uteuzi, na hapo wimbi la Jubilee lilikuwa la wote.

Ikilinganishwa na safari ya Grace Onyango, safari ya Laboso ilikwenda kinyume. Onyango alitoka darasani akaenda katika baraza la mji, kisha bungeni. Laboso alitoka darasani akaenda bungeni, kisha akashuka hadi kwenye kaunti. Mwaka 1965 umeya ulikuwa ngazi ya kupandia kwenda Nairobi. Mwaka 2017 Naibu Spika wa Bunge aliona kwamba kazi kubwa zaidi ilikuwa Bomet. Mabadiliko haya ni matunda ya ugatuzi, na yalifanya swali la "kwao" liwe zito zaidi. Mbunge huweza kuishi Nairobi na kuja nyumbani Jumamosi, lakini gavana hukaa anakotawala.

7. Majina na Vyeo

Wasomi wa lugha hawatakosa kutazama namna swali hili lilivyojichora katika majina. Katika Kikipsigis, jina la kuzaliwa huonyesha jinsia kwa kiambishi: mvulana aliyezaliwa jioni mbuzi wanaporudi nyumbani huitwa Kiprono, na msichana huitwa Cherono. Mwanamume akishatahiriwa hulibeba jina la babaye kwa neno "arap", lenye maana ya "mwana wa". Binti hana "arap". Joyce Cherono aligombea, akaapishwa na kutawala kwa jina la Laboso, jina la babaye, bila kiungo chochote cha kutangaza kwamba ni mwana wa mtu. Wapigakura wa Sotik walilichagua jina hilo mara tatu, mara ya kwanza kwa Lorna na mara mbili kwa Joyce, na Bomet nzima ikalichagua mara moja.

Vyeo vya Kiswahili navyo vina tabia yake. "Mstahiki", "mheshimiwa", "spika" na "gavana" havitaji jinsia, na upatanisho wa ngeli ya watu haumtenganishi mume na mke. Kwa kipimo hiki Kiswahili kilikuwa tayari kumpokea gavana mwanamke kabla wapigakura hawajawa tayari. Lakini wasemaji hawakosi kuongeza kile ambacho sarufi imekiacha. Nchini Kenya "Mama Kaunti" huweza kuwa mke wa gavana, na huweza kuwa mwanamke aliyechaguliwa kuiwakilisha kaunti bungeni. Mmoja amekipata cheo kwa ndoa na mwingine kwa kura, ila jina ni lile lile. Mume wa gavana mwanamke, kwa upande wake, hakubuniwa jina. Kadhalika, huyo mbunge wa kaunti huitwa na wengi "mwakilishi wa wanawake", ilhali Katiba inasema kwamba huchaguliwa na wapigakura wote, wake kwa waume, naye huwawakilisha wote. Laboso hakupitia nafasi hiyo. Ubunge wake ulikuwa wa eneo bunge na ugavana wake ulikuwa wa kaunti, na nafasi zote mbili ziligombewa na wanaume.

8. Kifo, Urithi na Kaburi

Utawala wake haukutimiza miaka miwili. Mwishoni mwa Mei 2019 alikwenda London kwa matibabu ya saratani, kisha India, akarudi Nairobi mwezi Julai, na tarehe 29 Julai akafariki akiwa na umri wa miaka 58. Siku tatu kabla yake alikuwa amefariki Ken Okoth, Mbunge wa Kibra, kwa ugonjwa huo huo, na misiba hiyo miwili iliwafanya wananchi kuhoji hali ya tiba ya saratani nchini, mahali ambapo mwenye cheo huvuka bahari na asiye nacho hungoja zamu. Kwa muda mfupi kama huo haielekei kuyapima matendo ya gavana katika kaunti; haki ya kupimwa kwa kipindi kizima hakuipata.

Mambo mawili yaliyofuata yanalirejesha swali la "kwao". La kwanza ni urithi wa cheo. Mwaka 2008 kiti cha Lorna kilijazwa kwa uchaguzi, na nyumba ya Laboso ikapata nafasi ya kumsimamisha mtu wake. Mwaka 2019 Katiba ilikuwa imeamua mapema kwamba gavana akifariki, naibu wake hushika mahali pake. Hillary Barchok akaapishwa, na mwaka 2022 wapigakura wakamchagua kwa haki yake mwenyewe. Hapakuwa na dada wa kuitwa, wala mjane wa kiume wa kuhurumiwa. Cheo kilikuwa kimetoka katika nyumba na kuwa cha ofisi, na hayo ni maendeleo hata kwa wanawake, japokuwa ni maendeleo yaliyompisha mwanamume.

La pili ni kaburi. Nchini Kenya mazishi yamewahi kuwa uwanja wa vita kuhusu nani ni wa nani. Mwaka 1987, baada ya miezi ya kesi, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba mwili wa wakili S. M. Otieno ni wa ukoo wake wa Umira Kager, wala si wa mjane wake Wambui, na akazikwa Nyalgunga. Joyce Laboso alizikwa tarehe 3 Agosti 2019 katika boma la mumewe huko Koru, karibu na Fort Ternan, katika Kaunti ya Kisumu. Watu wa Bomet waliomwita wao kwa miaka kumi na mmoja walimsindikiza hadi huko, wakateremka kutoka penye chai hadi penye miwa, na kumwacha kwake.

9. Hitimisho

Ingewezekana kusema kwamba kaburi lile liliwapa haki wale waliomwambia akatafute kura kwa mumewe. Ushahidi uliotolewa katika makala hii unaelekeza kwingine. Desturi ya maziko ilitimizwa na hapana aliyeivunja. Lakini desturi hiyo haikuwa imemzuia marehemu kuongoza alikozaliwa. Wapinzani wake walichanganya mambo mawili, mahali mke anapozikwa na mahali raia anapochaguliwa, wakadhani kwamba la kwanza huamua la pili. Wapigakura wa Sotik na Bomet, wengi wao wakulima wasiosoma sheria za urithi wala hukumu za mahakama, waliyatenganisha mambo hayo katika kila uchaguzi alioomba kura yao.

Mwaka 2022 idadi ya magavana wanawake ilipanda kutoka watatu hadi saba. Bomet haikuwamo katika saba hao, ingawa mwaka huo huo ilimpeleka bungeni Linet Chepkorir akiwa na umri wa miaka 24. Haijulikani kama binti mwingine wa nchi ya chai ataulizwa tena kwao ni wapi. Akiulizwa, lipo jibu lililokwisha kutolewa, na halikutolewa na wanasheria wala wanaharakati. Lilitolewa na watu wa mahali hapo, waliomtunza mcheza kwao huku wakijua fika kwamba ana kwake.